Kinya na Uvimbe Usiouma

Kinya hakujua kunywa chai akiwa amekaa. Alikunywa akitembea uani, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine, macho yakitafuta kazi ya tatu. Watu wa Kianjai, waliomwita Mama Muthomi, walikuwa wamemzoea. Walisema, "Ukitaka kitu kifanyike, mwambie Mama Muthomi. Ukitaka kupumzika, usikae karibu naye."

Mume wake, Kobia, alikuwa mtu wa polepole. Aliuza maji kwa punda. Alikuwa na punda wawili, na yule mkubwa aliitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Kila asubuhi, kabla ya kumfunga Spika mkanda wa kubebea mitungi, Kobia alimpapasa. Aliweka kiganja begani, akakishusha hadi kifuani, kisha chini ya tumbo ambapo mkanda hupita. Halafu alienda upande wa pili. Alikuwa akitafuta kidonda, joto, au kitu kilichovimba. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia. Kwao, mwanamume aliyefunga punda bila kumpapasa alihesabiwa mvivu.

"Unamshika huyo punda kama mtu anataka kumnunua," Kinya alimwambia asubuhi moja akipita na kikombe chake.

"Punda hana mdomo wa kuniambia ako na shida wapi," Kobia alijibu. "Lazima mkono uulize."

Kinya alicheka kidogo. Mkono wake ukapanda kwenye titi la kushoto, kisha ukashuka haraka kabla mumewe hajageuka.

Kinya alikuwa na uvimbe. Ulikuwa mdogo na mgumu, kama punje ya mbaazi kavu. Aliugundua wakati wa palizi, siku ambayo Spika alirusha kichwa wakati wa kupakia maji, akamgonga kifuani. Kinya alipooga jioni hiyo, alijigusa pale palipouma, akaupata. "Ni huyu punda," alijiambia. Baada ya siku chache maumivu yaliisha. Alama kwenye ngozi nayo ikaisha. Uvimbe ukabaki. Sasa mahindi yalikuwa yamevunwa na uvimbe ulikuwa pale pale.

Haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, Kinya aliamua kwamba si ugonjwa. Hakumwambia mtu. Alijitafutia kazi nyingi zaidi, maana mtu mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kufikiri. Lakini uvimbe haujali kazi. Alipoinama kufua, aliukumbuka. Alipoimba kwaya, aliukumbuka. Hata usingizi ulimkataa.

Na kazi aliyojitafutia wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa kazi ya farasi.

Mambo yalianza kwa jirani yao, Sista Kajuju. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya karibu na soko. Sista Kajuju alikuwa ametangaza kanisani kwamba wanawake waje wapimwe matiti bila malipo. Siku ilipofika, walikuja nyanya wawili, na mwanamume mmoja aliyetaka dawa ya jino.

Kila mtu alijua sababu. Mlango wa chumba cha kupimia unatazama soko. "Ukiingia pale," Kinya alisema, "kabla hujatoka, wauza viazi wameshakuzika na wanauliza shamba lako ataachiwa nani."

Maxine ndiye aliyeleta habari ya farasi. Maxine alizaliwa Kianjai, na sasa alifanya kazi ofisini mjini Meru. Mama yake alikufa kwa saratani ya matiti. Aliificha ndani ya nguo mpaka harufu ikamtoa mafichoni, na wakati huo madaktari hawakuwa na la kufanya. Maxine alifahamiana na watu wa shamba moja kule Timau, kwenye baridi na ngano, ambapo farasi hufugwa. Mwenye shamba alikubali kuwaazima farasi kwa msafara wa siku moja. Wapandaji wangetafutiwa wadhamini wa kuwachangia fedha, na michango ingekuwa ya nauli na vipimo vya wanawake watakaotumwa hospitali kubwa.

Kinya ndiye aliyepiga hatua ya pili. "Hapa watu wameona farasi kwa televisheni tu," alisema. "Farasi wakipita soko, nani atabaki nyumbani? Watatufuata wote mpaka kituo cha afya. Hapo watu watakuwa wengi kwa mlango. Nani atajua huyu amekuja kuona farasi, na huyu amekuja kupimwa?"

Wote walimsifu kwa akili hiyo. Wakamfanya mwenyekiti wa kamati.

Kamati ilikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza ya Sista Kajuju. Wote walikaa isipokuwa mwenyekiti. Ruguru pia alikuwepo. Ruguru alitoka upande wa Embu, akaolewa Kianjai, na aliuza mitumba sokoni. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Sista, kabla tuvae hizo fulana za waridi za msafara," Ruguru alisema, "tuambie ukweli. Tukiulizwa huko sokoni, tutajibu nini?"

Sista Kajuju aliweka kikombe chini. "Waambieni kila mwanamke ayajue matiti yake mwenyewe. Mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kuisha, asimame mbele ya kioo aangalie. Kisha ajipapase kwa vidole, titi lote, mpaka kwapani. Kama hapati hedhi, achague tarehe moja ya mwezi asiisahau."

"Anatafuta nini?"

"Kitu kipya. Uvimbe kwa titi ama kwapa. Ngozi imebonyea, ama imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu imeingia ndani na zamani haikuwa hivyo. Chuchu inatoa damu ama majimaji. Akiona moja ya hayo, asingoje. Aje."

"Na kujishika peke yake kunatosha?" Maxine aliuliza.

"Hapana. Ukija kliniki kwa sababu yoyote, mwambie muuguzi akuangalie pia. Ukifika miaka arobaini, uliza habari ya kupigwa picha ya matiti. Kama mama ama dada yako aliugua, kama wewe Maxine, usingoje arobaini. Sema mapema. Na wanaume wasicheke sana, hata wao hupata saratani hii, ingawa ni wachache."

Ruguru alitikisa kichwa. "Kwetu wanasema ukiguswa na sindano ama kisu, hiyo kitu inaamka. Inasambaa mwili mzima."

"Wanasema hivyo kwa sababu watu huenda wakiwa wamechelewa," Sista Kajuju alijibu. "Mtu anafika ugonjwa umeshasambaa. Anatolewa kipande kidogo kwa sindano, kipimwe maabara. Akifa, watu wanalaumu sindano. Si sindano ilimuua. Ni kungoja."

Kinya alikuwa amesimama karibu na nguzo. Alikuwa ameacha kuandika ujumbe kwenye simu. "Kuna rafiki yangu," alisema. "Aligongwa na punda kifuani. Akapata uvimbe. Hiyo ni ya punda, si ndiyo?"

Sista Kajuju alimtazama. "Kugongwa hakuleti saratani, Mama Muthomi. Lakini ukigongwa, unashika mahali ulipogongwa. Hapo unaweza kupata kitu kilichokuwa hapo zamani. Uvimbe wa kugongwa huuma, halafu huisha. Wake umeisha?"

"Hauumi kabisa," Kinya alisema haraka.

"Sikuuliza kama unauma. Niliuliza kama umeisha."

Kinya alitazama simu yake ingawa haikuwa imelia. Sista Kajuju aliendelea kwa upole. "Vivimbe vingi si saratani. Mwambie rafiki yako hivyo asife kwa woga. Lakini hakuna anayeweza kujua kwa kungoja. Na saratani ya mwanzo mara nyingi haiumi. Aje nimwone."

"Nitamwambia," Kinya alisema. "Tukimaliza mambo ya farasi."

Wiki ile Kinya hakukaa chini. Alimpigia dereva wa lori mpaka dereva akaacha kushika simu. Alibadilisha njia ya msafara, akairudisha ilivyokuwa, akaibadilisha tena. Wingu likitokea upande wa Nyambene, alitoka nje kulikasirikia. Kobia alimwona anajigonga kwenye milango, akadhani ni wasiwasi wa uenyekiti. Alimwekea chakula, na chakula kikapoa.

Ijumaa mchana lori lilifika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Lilikuwa limechelewa na Kinya alikuwa amekwisha kumaliza kucha zake kwa meno. Farasi walishushwa mmoja mmoja. Aliyewaleta alikuwa Muthamia, mtunza farasi wa Timau, mwanamume mfupi mwenye koti zito ambalo hakulivua hata kwenye joto la Kianjai. Kobia alipita akitoka kuuza maji, akamfunga Spika kwenye mti, akaja kutazama.

"Muuga," Kobia alimsalimu. "Hawa ni punda waliokula vizuri."

Muthamia alicheka. Tangu hapo wakawa marafiki.

Farasi wa kuongoza msafara aliitwa Baridi. Alikuwa mweupe na mpole, na mwenyekiti ndiye angempanda, akiwa amevaa suruali ndani ya leso kama kamati ilivyokubaliana. Muthamia aliweka kiganja kwenye bega la Baridi. Akakishusha kifuani, kisha chini, mahali ambapo mkanda wa tandiko hupita. Kobia alitabasamu, maana aliijua kazi hiyo. Kiganja kilisimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena.

"Njoo uguse hapa," Muthamia alimwambia Kobia.

Kobia akagusa. "Kitu kigumu. Kidogo."

"Jana asubuhi hakikuwepo. Baridi hapandwi kesho. Nampigia daktari wa mifugo."

Kinya alikuja mbio kutoka kwenye lori. "Hapandwi aje? Huyu ndiye wa mbele. Watu wote wameambiwa farasi mweupe."

"Ako na uvimbe, mama."

"Anaumwa? Mbona anakula? Mbona hashtuki ukimgusa?"

"Hauumi. Ndiyo, hashtuki."

"Sasa shida iko wapi? Apandwe kesho, halafu Jumatatu aonwe. Kitu hakiumi, kwa nini mnakifanya kikubwa? Labda aligongwa na mlango wa lori. Labda kitaisha chenyewe. Mnataka kuharibu kazi ya watu wote kwa sababu ya kitu kidogo kama mbaazi?"

Muthamia hakukasirika. "Kikiuma, farasi mwenyewe ataniambia. Atarusha mateke. Ni hiki kisichouma ambacho lazima mimi nikitafute. Nikikiacha, mkanda utapita juu yake kila siku na sitajua mpaka kimekuwa kibaya."

"Ni kweli," Kobia alisema. "Hata mimi, nikipata kitu kwa punda, hiyo siku hatutoki."

"Nyinyi hamwelewi," Kinya alisema, na sauti yake ikapasuka. "Mtu anaweza kuwa na kitu na akaendelea na kazi. Anaweza. Mimi nimeendelea."

Muthamia alimtazama Kobia, kisha akamshika Baridi kamba na kwenda naye upande mwingine wa uwanja.

Kobia alisogea karibu na mkewe. "Mama Muthomi, tunaongea juu ya farasi?"

Kinya alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikaa, pale pale kwenye nyasi, na fulana yake mpya. Akamwambia yote: palizi, kichwa cha Spika, uvimbe wa mbaazi. Alilia bila kuficha. "Naogopa," alisema. "Naogopa kuambiwa. Nikiambiwa, itakuwa kweli."

Kobia alikaa kando yake. Alikitazama kiganja chake kwa muda, kile kinachowapapasa punda. "Kila asubuhi nauliza punda," alisema. "Na wewe tuko nyumba moja. Sikukuuliza."

Hakumgombeza, na jambo hilo lilimuuma Kinya kuliko kugombezwa. Baadaye alisema, "Unajua kwa nini nilitaka watu wachanganyike pale mlangoni? Nilisema ni kwa ajili ya wanawake. Kumbe nilikuwa najitengenezea mahali pa kujificha. Na hata hapo sikuwa na hakika ningeingia."

"Kesho utaingia?"

"Nitaingia," Kinya alisema. "Lakini sitaki tena kujificha."

Jumamosi mvua haikunyesha. Watu walijaa kando ya barabara kuanzia soko mpaka mwisho wa maduka. Farasi walipita wakiwa na utepe wa waridi shingoni, Maxine akiwa amemshika wake kama mtu anayemkumbatia dada aliyepotea. Lakini mbele ya farasi wote hakuwepo Baridi. Alikuwepo Spika, punda wa maji, amevalishwa utepe, na juu yake Mama Muthomi. Kobia alishika kamba. Soko lilicheka mpaka wauza viazi wakakaa chini. Spika naye alijibu kwa sauti iliyompa jina.

Walipofika kwenye kituo cha afya, umati ulisukumana mbele ya mlango, kama Kinya alivyopanga. Kinya hakushuka. Aliinua mkono mpaka kelele zikapungua.

"Tuliwaletea farasi ili mje," alisema. "Tulitaka mtu apimwe na asionekane. Mpango huo ulikuwa wangu, na sasa mimi mwenyewe nauvunja. Nina uvimbe kwa titi. Niko nao tangu palizi. Hauumi, na ndiyo maana nilidanganyika. Jana farasi mzima alikataliwa kazi kwa sababu ya uvimbe usiouma. Mimi nilikuwa naendelea kufua. Sasa naingia hapo ndani, na mnione vizuri."

Akashuka. Akaingia.

Ruguru ndiye aliyetangulia kusogea. Alimpa jirani yake kikapu. "Nishikie hii," alisema. "Na usiniangalie hivyo. Wewe ndiwe unanifuata." Akasimama mlangoni. Mwanamke mwingine akasimama nyuma yake, kisha mwingine na binti yake. Baada ya muda mstari ulikuwa umefika mahali farasi walipofungwa, na watoto peke yao ndio waliokuwa wakiwatazama farasi.

Ndani, Sista Kajuju alimpapasa Kinya polepole, titi moja, la pili, kisha makwapa. "Huyu ndiye yule rafiki yako?" aliuliza.

"Ndiye."

"Nimemngoja sana." Alinawa mikono. "Sitakudanganya, Mama Muthomi. Sijui ni nini. Mkono huuliza tu. Jibu linatoka hospitali. Jumatatu utaenda Meru, watakupiga picha, watatoa kipande kwa sindano. Ukipata jibu, tutaanza kutoka hapo."

Kinya alikuwa ameomba michango ya nauli kwa ajili ya wanawake wengine. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitumia.

Kungoja majibu kulikuwa kubaya kuliko kungoja lori. Kinya alifagia ua mpaka kuku wakahama. Kobia hakumwambia atulie. Alitafuta ufagio wa pili, akafagia pamoja naye.

Jibu lilikuja. Ilikuwa saratani.

Daktari aliwaeleza akiwatazama wote wawili. Ilikuwa bado ndogo, na haikuwa imefika kwapani. Alisema, "Inatibika, na umekuja wakati unaofaa. Ungengoja mpaka iume, leo tungekuwa tunaongea maneno mengine." Kinya alifanyiwa upasuaji. Baadaye alipewa dawa zilizomtapisha, zikamnyonyoa nywele na kumkatisha hedhi. Kulikuwa na siku alizokasirika na kila mtu, hata na Spika. Wanakwaya walimletea uji wa wimbi kwa zamu. Kobia aliuza maji, akapika, akajifunza kuosha vyombo bila kuvivunja. Miezi ilipita mmoja mmoja, na dawa zikaisha.

Mwaka uliofuata farasi walirudi Kianjai. Nywele za Kinya zilikuwa zimeota, fupi na laini. Vipimo vyake vilikuwa safi, ingawa aliendelea kwenda kliniki kama alivyoagizwa. Muthamia alimshusha Baridi kutoka kwenye lori, bado na lile koti lake.

"Ule uvimbe wake ulikuwa nini?" Kinya aliuliza.

"Kupe tu. Aliingiza meno, pakavimba. Daktari alimaliza siku hiyo hiyo."

Kinya alicheka mpaka akashika nguzo ya lori. "Farasi alikuwa na kupe, mimi nilikuwa na saratani," alisema, "na ni farasi aliyeitiwa daktari kwanza."

Safari hii hawakuhitaji kuchanganya watu mlangoni. Wanawake walikuwa wamepanga mstari kabla farasi hawajafika, mchana kweupe, soko likiwatazama. Ruguru alikuwa akiuza fulana na kuwafundisha wanaume jinsi ya kukaa kimya.

Nyumbani, Kobia bado humpapasa Spika kila asubuhi. Na kila tarehe mosi ya mwezi, akimaliza, hugeukia mlango na kuuliza, "Na wewe, Mama Muthomi? Mkono umeuliza?"

Siku nyingine zote Kinya hunywa chai akitembea. Lakini tarehe mosi huweka simu, hufunga mlango wa chumba, na hukaa mbele ya kioo. Hajiharakishi. Chai yake hupoa mezani, naye huiacha ipoe.